Mikono Nyuma, Soma kwa Sauti

Nikimkumbuka mwalimu wetu wa kompyuta, kitu cha kwanza ninachoona ni mgongo wake. Amesimama mbele ya mashine iliyokataa kuamka, mikono ameikunja nyuma kama mtu anayekagua gwaride, na shingo ameiinamisha kidogo. Sisi wanafunzi tumejipanga nyuma yake, nasi mikono tumeikunja nyuma. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Mashine ikigoma, hakuna kugusa. Mikono nyuma, halafu mmoja wetu anasoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini, kutoka juu mpaka chini, bila kuruka.

"Na kama hakuna kitu, Mwalimu? Kama skrini ni nyeusi tu?" Odhiambo aliwahi kumuuliza.

"Skrini nyeusi pia ni jibu," akasema. "Soma: nyeusi."

Na Odhiambo akasoma, "Nyeusi," na hakuna aliyethubutu kucheka.

Sitaandika alizaliwa wapi, kwa sababu sijui. Wengine walisema Rongo, wengine Kendu. Yeye mwenyewe akiulizwa alijibu, "Kwetu ni pale penye soketi." Nilimjua karibu miaka yote ya sekondari, na ninayoandika hapa ni yale niliyoyaona mwenyewe, pamoja na machache ambayo Boke aliniambia. Boke nitamleta baadaye. Huwa hangoji kuitwa, lakini leo atangoja.

Shule yetu iko upande wa Magunga. Ukisimama nyuma ya jiko na ukibahatika, unaweza kuona twiga ng'ambo ya ua wa mbuga ya Ruma. Mimi natoka Muhuru Bay, mama yangu anaanika na kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, na nilipelekwa bweni kwa sababu shangazi alisema bweni litaniondoa aibu. Halikuniondoa. Aibu yangu si ile ya kupendeza ambayo watu husifu kwa wasichana. Ni ile ya kula ugali usio na chumvi kwenye mboga kwa sababu chumvi iko upande wa pili wa meza na itabidi useme, "Nipe." Nilichagua somo la kompyuta kwa sababu moja tu: kompyuta haikunitaka niseme. Unaandika, inajibu. Hakuna anayegeuka kukutazama.

Mwalimu aliliona hilo mapema. Aliniita Nyar Muhuru, binti wa Muhuru, wala sikumbuki akiniita kwa jina langu hata mara moja. Wakati wa kusoma skrini kwa sauti, macho yake yalinipitia kama ninavyopita nyumba ya watu walio na msiba, polepole na bila kubisha. Alimchagua Boke. Boke ni msichana Mkuria wa Kehancha, na sauti yake ilifika bwenini bila msaada.

Alikuwa mtu wa kufunga. Maabara ilikuwa na kufuli mbili, na funguo zote mbili alizivaa shingoni kwa kamba ya viatu, ndani ya shati. Hakumpa mtu. Ukitaka kufagia, anakufungulia, anakaa mlangoni anakusubiri, anafunga. Alitufundisha kutengeneza nywila za maneno mengi yasiyohusiana, kisha akatukataza kumwambia hata yeye.

"Usimwamini mtu," alisema. "Hata mimi. Nikikwambia kitu ni salama, hakikisha."

"Sasa Mwalimu," Boke akamjibu, "ukituambia tusikuamini, tukuamini kwa hilo?"

Alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiria hata utani. "Kwa hilo pia hakikisha," akasema.

Lakini nyumba yake mwenyewe, pale kwenye nyumba za walimu, mlango wake ulifungwa kwa kipande cha katani. Niliona siku nilipotumwa kupeleka vitabu vya mazoezi. Katani, na fundo la kawaida ambalo hata mbuzi angelifungua kwa meno. Ndani kulikuwa na kitanda, meza, redio, na sare ya kwaya iliyonyooshwa ikaning'inizwa vizuri kuliko shati lolote alilowahi kuvaa darasani. Nikajiuliza ni mtu gani huyu anayeweka kufuli mbili kwa vitu vya shule na katani kwa vyake. Nilimuuliza Boke, naye akaniambia, "Kwake hakuna kazi ya mtoto wa mtu."

Hapo ndipo nilipoelewa kilichomfanya awe vile.

Darasa lililotutangulia walipoteza kazi zao. Mtihani wa kompyuta una sehemu ya mradi: mtahiniwa anajenga programu yake mwenyewe kwa miezi mingi, na mradi huo una alama zake. Mtu alileta flashi yenye filamu, virusi vikaingia, na asubuhi moja kila faili kwenye kila mashine ilikuwa imefungwa, skrini zimejaa vitisho. Miradi yote ikaenda. Watahiniwa walianza upya wakiwa wamechelewa, wengine hawakumaliza. Mwalimu alisimama mbele ya shule nzima, kwenye paredi, akasema, "Kazi ya mtoto haitapotea tena mkononi mwangu." Nilikuwa mstari wa nyuma. Sauti yake ilitetemeka, na yeye ni mtu wa kuimba besi.

Ndipo akaamua kwamba mashine zote za maabara zivuliwe mfumo endeshi wa zamani, ule unaoziendesha tangu zinapowashwa, na ziwekewe mwingine uliotengenezwa kwa ajili ya watu wanaolinda siri zao. Huo mfumo hufunga diski nzima kwa nywila. Tena kila kitu kinachotoka nje, flashi au faili, hufunguliwa ndani ya chumba chake peke yake, na chumba hicho hutupwa baadaye pamoja na uchafu wake. Alitueleza kwa mfano wa boma. "Mgeni halali chumbani kwa mama. Analala kwa simba, kile kibanda cha kijana kando ya lango. Akiwa mwizi, ameiba blanketi la simba tu."

Prinsipo wetu, mama mmoja mkali na mwenye haki, hakufurahi. Alikuja maabara akakuta mashine zote zimelala uchi, hazina mfumo wowote.

"Mwalimu, hizi ni kompyuta za watoto. Si za benki."

"Madam, benki ikiibiwa ina pesa nyingine. Mtoto hana mradi mwingine."

"Sawa. Lakini wakaguzi wa elimu wanakuja muhula huu huu. Wakikuta maabara imelala, somo linafutwa. Hawa wa Kidato cha Tatu nitawapeleka Kilimo, na chumba hiki nitaweka mahindi. Nimesema."

Akaondoka. Mwalimu akabaki ametazama mlango. Mimi nikabaki nikitazama kiti changu. Kilimo ni somo zuri, sina neno nalo, lakini mwalimu wa Kilimo hufundisha kwa kuuliza maswali na kunyooshea mtu kidole. Nilijiona nimesimama kati ya mahindi ya watu, nimeulizwa kuhusu mbolea, na mdomo umeshonwa. Kama maabara ingefungwa, sikuwa na mahali pengine pa kwenda katika shule ile ambapo ningekuwa mtu mwerevu.

Basi tukaanza kazi. Na hapa lazima niseme jinsi alivyofanya kazi, kwa sababu sijaona mtu mwingine akifanya hivyo.

Mfumo wenyewe aliupakua Homa Bay mjini, ambako intaneti ina nguvu, akarudi nao kwenye flashi iliyofungwa ndani ya kitambaa kama dawa. Kabla ya kuutumia alisema lazima tujue kama kilichofika ndicho kilichotumwa. Kila faili, alisema, ina alama yake ya kidole, mstari mrefu wa herufi na tarakimu, na ikibadilika hata chembe moja, alama yote hubadilika. Waliotengeneza mfumo waliitangaza alama yao. Yetu tuliitoa wenyewe kwenye mashine. Kisha akatugawa kama kwaya: upande wa dirisha wasome alama iliyotangazwa, herufi nne nne, upande wa mlango waitikie kwa alama yetu. Yeye alisimama katikati akipiga mapigo kwa kalamu. Waliopita nje walidhani tumeokoka kwa lugha mpya. Tulikwenda vizuri mpaka karibu na mwisho, upande wa dirisha wakasema *saba*, na sisi wa mlango tukasema *tisa*. Akainua kalamu.

"Labda tumesoma vibaya," Odhiambo akasema.

Tukarudia. Saba. Tisa. Mwalimu akaivuta flashi, akairudisha kitambaani, na Jumapili iliyofuata akarudi Homa Bay kupakua upya. Safari nzima ile, kwa sababu ya sauti mbili kutolingana. Hakunung'unika. Aliporudi, tuliimba tena, na pande zote mbili zikafika mwisho pamoja, nami nikagundua kwamba nimesoma kwa sauti muda wote ule bila kuogopa, kwa kuwa nilikuwa ndani ya wengine.

Kisha ukafika ugomvi wa kuamka. Mashine ya kwanza ilikataa kabisa kuitazama flashi. Mikono nyuma, Boke akasoma. Mashine ilikuwa inasema mfumo huu hauna muhuri inaoutambua. Mwalimu akatupeleka jikoni. Jikoni ndivyo alivyouita ukurasa wa mipangilio ya mashine yenyewe, ule unaoufikia kwa kubonyeza kitufe mara tu unapowasha, kabla mfumo wowote haujaamka. "Sebule inaweza kudanganya," alisema. "Jikoni hakudanganyi." Tukaondoa sharti la muhuri. Mashine ikaiona flashi, ikaanza kupakia, ikasimama katikati. Mikono nyuma. Mfumo ulikuwa umenakiliwa vibaya kwenye flashi, tukaunakili upya. Ikapakia yote, ikasakinisha, tukashangilia, ikawashwa upya, ikasema haioni diski. Mikono nyuma. Jikoni, diski ilikuwa imewekwa kwenye mtindo wa zamani ambao mfumo wetu hauelewi. Tukabadilisha.

Alibadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kamwe si viwili. "Ukibadilisha viwili na ikapona, utamshukuru nani?"

Ikaamka. Kisha ya pili, kisha zote. Mwisho akaweka nywila kwenye jiko la kila mashine ili asiingie mtu. Alhamisi hiyo tulikaa mbele ya skrini zinazong'aa, na Odhiambo akaanza wimbo, na Mwalimu akaingia na besi yake kutoka upande wa ubao. Kwa siku ile hakuna mahindi ambayo yangeweza kututisha.

Sasa niseme kuhusu Ijumaa.

Mwalimu alikuwa Msabato wa kweli. Jua la Ijumaa likianza kuegemea upande wa ziwa, alikuwa hagusi kazi yoyote. Kabla ya hapo alifanya jambo moja bila kukosa: alizunguka maabara akichomoa kila waya ukutani, mmoja baada ya mwingine, akiziweka juu ya meza kama mtu anayelaza watoto. Sababu yake ilikuwa nzuri. Siku nyingine, radi ikinguruma alikimbia kutoka nyumbani kwake kuja kuchomoa. Siku ya Sabato alikuwa kanisani mbali, na radi za huku hazisubiri mtu amalize sala. Maabara ilikuwa na sola yake, kwa hiyo siku nyingine zote waya zilibaki ukutani na umeme haukukatika. Muhula ule radi haikunguruma siku nyingine, basi Ijumaa tu ndipo zilipochomolewa. Aliwafundisha hivyo waliotutangulia, alitufundisha sisi, na hata kiangazi, hakuna wingu hata la dawa, alichomoa.

Jumapili hiyo tulifungua maabara tukawasha, na mashine zote zikaandika, *No bootable device*. Sioni kitu cha kuamkia. Zote.

"Zimebatizwa," Odhiambo akasema. "Zimeonja Sabato, hazirudi kazini."

Tukaingia jikoni, na mashine hazikutuuliza nywila. Nywila ilikuwa imeondoka. Diski zimerudi kwenye mtindo wa zamani, sharti la muhuri limerudi. Mwalimu akatengeneza upya, moja moja, na Jumatatu zikaamka, na Jumanne, na wiki nzima. Ijumaa akachomoa. Jumapili zikalala tena.

Na hapo yule mtu aliyetufundisha kwamba mashine haina kiburi bali ina sababu, akaacha kutafuta sababu kwenye mashine. Akatafuta kwa watu.

"Kuna mtu ameingia jikoni na anajua nywila," alisema. "Nani alifagia Ijumaa?"

Boke ndiye aliyefagia, wiki zote mbili. Na Boke ndiye aliyesimama karibu naye wakati akiandika nywila.

"Mwalimu, mimi hata jikoni kwa mama sipendi kuingia. Niingie ya kompyuta?"

Tulicheka. Yeye hakucheka.

"Toka maabara. Utarudi siku utakaposema ulichofanya."

"Na kama sijafanya?"

"Toka, Boke."

Akatoka. Jioni nilimkuta bwenini amelala ametazama ukuta, yule ambaye hulala akiongea. "Anajua si mimi," aliniambia. "Anaogopa mahindi." Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi nayaogopa. Nikampa nusu ya mkate wangu tu.

Mwalimu akatengeneza tena wiki hiyo, akatufagilia mwenyewe Ijumaa, akachomoa waya, akafunga kufuli mbili. Wakaguzi walikuwa waje Jumatatu. Jumapili tukaingia nyuma yake. Akawasha. *No bootable device.*

Sijawahi kuona uso wa mtu ukizeeka kwa haraka vile. Hakuna aliyeingia. Alijua hakuna aliyeingia, kamba ya viatu ilikuwa shingoni mwake.

"Mikono nyuma," akasema kwa sauti ndogo. Tukaikunja. Akaingia jikoni kwenye mashine iliyo karibu na mlango. Akageuka kumtafuta msomaji, macho yakaenda kwenye kiti cha Boke, kilikuwa kitupu. Yakaendelea. Safari hii hayakunipita.

"Nyar Muhuru. Leo wewe."

Nikaanza. Sauti ikatoka kama ya mtu aliye chini ya blanketi.

"Sauti! Hata omena wa kwenu wana kelele kuliko wewe."

Boke aliposoma, na wengine wote waliposoma, walikuwa wakikimbilia pale penye shida: diski, muhuri, mistari ya katikati. Mimi sikuwa na ujasiri wa kuchagua pa kuanzia. Sheria ilisema kutoka juu, nikaanza juu kabisa, kwenye kona ambayo hakuna mtu aliyewahi kuisoma. Nikasoma jina la mashine. Nikasoma saa. Nikasoma tarehe: mwezi wa kwanza, tarehe moja, na mwaka ambao hakuna hata mmoja wetu darasani aliyekuwa amezaliwa.

Darasa likaanguka kwa kicheko. "Yawa!" Odhiambo akasema, "Nyar Muhuru ametangulia kuja duniani!"

Nilitaka kuzama. Lakini Mwalimu alikuwa ameinua kidole.

"Rudia."

Nikarudia.

Akaenda mashine ya pili. "Soma." Nikasoma: mwaka ule ule. Ya tatu. Ya nne. Zote zilikuwa zimerudi siku moja, kama watu waliokubaliana. Kicheko kilikwisha chenyewe. Akasimama katikati ya chumba, pale alipopigia mapigo ya kwaya, akatazama waya zilizochomekwa ukutani asubuhi hiyo.

"Mashine hizi husahau," akasema polepole, kama anayemsomea mtu mwingine. "Zinasahau kila kitu mara moja. Tarehe, mipangilio, nywila. Zinasahau zikikosa umeme wa ukutani. Nani huchomoa waya Ijumaa?"

Kila mtu alijua. Kila mtu akatazama chini. Sijui mpaka leo ni nini kilinisukuma. Labda kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, ikawa rahisi kuuacha wazi.

"Ni wewe, Mwalimu," nikasema. Na nilisema kwa sauti.

Akanitazama. Kisha akakaa juu ya meza, yeye aliyekataza watu kukaa juu ya meza, akacheka mpaka akatoa kitambaa. Aliifungua mashine moja akatuonyesha ndani yake kibetri cha duara, kidogo kama kidonge cha malaria. Hicho, alisema, ndicho hutunza kumbukumbu ya jikoni wakati waya uko nje. Mashine zilikuja kwetu zimeshatumika miaka mingi, na vibetri vilikuwa vimekufa vyote. Waya ukiwa ukutani hakuna anayejua. Ukichomolewa, zinarudi utotoni. Mfumo wa zamani uliridhika na mipangilio hiyo ya utotoni, ndiyo maana Ijumaa za nyuma hazikutusumbua.

"Nimewafundisha kusoma kutoka juu," akasema, "na mimi nimekuwa nikianza katikati." Kisha akasema, "Mwiteni Boke."

Boke akaja akasimama nje ya kizingiti, mikono kifuani, si nyuma. Mwalimu akamwendea mpaka mlangoni, mbele yetu sote.

"Nilisema ni wewe. Ilikuwa ni mimi, kila Ijumaa, kwa mikono hii. Nisamehe, nyathina."

Alimwita mtoto wangu, kwa Kijaluo, na Boke ni Mkuria, lakini alielewa.

"Nimesamehe," Boke akasema. "Lakini na wewe toka maabara mpaka useme ulichofanya."

"Si nimeshasema?"

"Basi ingia," Boke akasema, naye akaingia wa kwanza.

Tulitengeneza mipangilio mchana ule wote, na waya zikabaki ukutani. Jumatatu wakaguzi walikaa kila mmoja mbele ya mashine, na kila mashine ikaamka, ikauliza nywila, ikafungua. Mkaguzi mmoja alichomeka flashi yake mwenyewe ili kutujaribu. Ilikuwa na virusi, na havikutoka nje ya simba, kile kibanda cha mgeni. Prinsipo alisimama mlangoni akasema, "Haya," neno moja tu. Mahindi yakabaki stoo yake. Vibetri vipya Mwalimu alivipata Migori mjini kwa fundi wa saa, na Boke ndiye aliyeviweka vyote. Tangu hapo Ijumaa alichomoa kama kawaida, na Jumapili mashine zilikumbuka.

Kuna mambo mengine madogo. Alikunywa chai bila sukari na kulalamika kila siku kwamba haina sukari. Alipangusa skrini kwa kipande cha sare ya kwaya iliyochakaa, wala hakutumia kitambaa kingine. Simu yake ilikuwa ya vitufe, ile ya tochi, na tulipomuuliza kwa nini mwalimu wa kompyuta hana simu ya maana alisema, "Hii hainijui." Hakusifu mtu. Ukifanya vizuri alisema, "Endelea," na ukifanya vibaya alisema, "Endelea," na ilikupasa ujifunze tofauti ya sauti.

Tulifanya mtihani, na hakuna mradi uliopotea. Yeye alikuwa amehamishwa muhula mmoja kabla, hakufanya sherehe. Siku aliyoondoka tulikuta mlango wa nyumba yake umefungwa kwa katani ile ile.

Mwezi uliopita nilikuwa Homa Bay, nimempelekea shangazi magunia ya omena. Ilikuwa Ijumaa alasiri. Nilikuwa navuka barabara karibu na soko nikasikia nyuma yangu, "Nyar Muhuru." Nikageuka. Amepungua, mvi zimeingia, kamba ya viatu bado iko shingoni.

"Bado huongei?" akaniuliza.

"Naongea, Mwalimu. Wakati mwingine mpaka nakatazwa."

"Ni wakati upi huo? Nataka kuhakikisha."

Akanichukua mpaka shule anayofundisha sasa, si mbali. Kwenye maabara kulikuwa na wasichana wachache wa Kidato cha Pili, na mashine moja mezani, imewekewa mfumo ule ule, skrini ina mistari mingi na haisogei. Miradi ya wasichana watatu ilikuwa ndani ya diski ile. Alikuwa amehangaika nayo tangu asubuhi, akasema, na amebadilisha kimoja kimoja. Kisha akatazama dirishani. Jua lilikuwa limeshuka mpaka karibu na vilima vya upande wa Mbita.

"Mimi nimefika mwisho," akasema. Akachukua Biblia yake mezani. Kisha akavua kamba shingoni, akaishika mkononi kwa muda. Miaka yote niliyomjua sikuwahi kuona funguo zake nje ya shati lake zaidi ya kufungua na kufunga.

"Unanituma kazi siku ya Sabato, Mwalimu?"

"Sikutumi. Wewe ni Mkatoliki, fanya upendavyo. Mimi nakuachia funguo tu. Mwalimu wa Hisabati yuko ofisini, ukimaliza mpe."

"Na waya? Nichomoe?"

Akafikiri, kama alivyofikiria utani wa Boke. "Hilo nakuachia pia."

Kamba ilikuwa na joto la kifua chake. Akatoka bila kugeuka, nikamsikia akianza besi ya wimbo wa kufungua Sabato kabla hajafika getini.

Wasichana walikuwa wananitazama. Mmoja alikuwa ameshanyoosha kidole kuelekea kibodi.

"Mikono nyuma," nikasema.

Wakaikunja. Mmoja wao, mdogo, alikuwa amejificha nyuma ya mwenzake, nikamtambua bila kumjua. Sikumchagua. Bado. Nikaiwasha upya mashine, nikaingia jikoni, nikainamisha shingo, na nikaanza kusoma kwa sauti ambayo nadhani ilifika mpaka getini, kutoka juu kabisa, kwenye kona. Jina la mashine. Saa. Tarehe.

Tarehe ilikuwa sahihi. Nikaendelea kushuka.